Rangi ilitoka kwa sabuni, jicho bado linaugua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wengi bado wanalichukulia kama utani: kumfyatulia mpita njia bunduki ya rangi, ile ya mchezo inayorusha vidonge vya mviringo vilivyojaa rangi.

Miaka sita iliyopita mdogo wangu alikuwa akitembea kando ya barabara jioni. Gari likapunguza mwendo, kioo kikashushwa, akasikia milio kama ya puto kupasuka. Vidonge viwili vilimpata begani, cha tatu kikatua kwenye jicho la kushoto. Waliomo garini wakaondoka wakicheka. Shati tulilifua na rangi yote ikatoka kwa sabuni ya kawaida. Nadhani hapo ndipo kila mtu, hata askari aliyeandika maelezo, alipoamua kwamba huo ulikuwa utundu tu wa vijana.

Utundu gani? Kidonge kile kina upana wa milimita 17 hivi na uzito wa gramu 3 hivi, na hata katika viwanja vya mchezo wenyewe hurushwa kwa kasi inayokaribia mita 90 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Ndiyo maana mchezaji haruhusiwi kuvua kinyago akiwa uwanjani. Ngumi mara nyingi huzuiwa na mifupa inayozunguka jicho. Kidonge kidogo namna ile hupita katikati ya mifupa hiyo na kulipiga jicho lenyewe.

Usiku ule damu ilivujia ndani ya jicho. Alipoketi ilituama chini, ikajipanga kama maji mekundu nyuma ya kioo cha saa. Daktari aliagiza alale kichwa kikiwa kimeinuliwa, asiinue kitu kizito wala asimeze aspirini, maana damu ingeweza kuvuja tena. Baada ya wiki mbili ikaisha, akawa anaona. Kwenye ripoti ya uchunguzi pakaandikwa jeraha dogo, na kesi ikafungwa kwa ripoti hiyo.

Kumbe jicho halikuwa limemaliza. Ndani yake kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote, na mlango wake wa kutokea uko pale duara lenye rangi linapokutana na ukuta wa jicho. Pigo kali huchana sehemu hiyo. Kovu likijijenga, maji hutoka kwa shida na presha ya jicho hupanda polepole, pengine miaka mingi baadaye, bila maumivu yoyote. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo, na kilichokufa hakirudi. Yeye aligunduliwa mwaka wa tano, tena kwa bahati, alipokwenda kupima miwani. Leo anatia matone kila usiku, na akitaka kumimina maji hugusa kwanza ukingo wa glasi kwa kidole, asije akayamwaga kando.

Na si jicho peke yake. Gari likipunguza mwendo nyuma yake, yeye husimama, akageukia ukuta na kufunika uso kwa mkono. Nimeliona hilo mara nyingi, na kila mara huniuma upya. Hofu ya namna hiyo ni ugonjwa unaotibika, lakini katika wiki zile za mwanzo hakuna aliyemuuliza analalaje.

Ombi langu kwa polisi na mahakimu ni kwamba ripoti ya wiki ya kwanza isichukuliwe kuwa neno la mwisho. Daktari wa macho aitwe aeleze kinachoweza kutokea baadaye, na fidia ihesabu vipimo na dawa za miaka yote hiyo. Kufyatulia uso usio na kinyago ni shambulio, na liandikwe hivyo.

Kwa yeyote aliyewahi kupigwa jichoni namna hii, hata kama ni miaka 10 iliyopita na anaona vizuri: nenda ukapimwe presha ya jicho, na urudie kila mwaka. Ukiona vimulimuli, vidoa vingi vinavyoelea kwa ghafla, au kivuli kama pazia kikishuka upande mmoja, usingoje asubuhi. Huenda retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inabanduka, na hapo kila saa ina thamani.

Ni mimi,
Dada wa majeruhi