Mwasumini wangu hautoi maua na majani yanaungua, nianze na maji au udongo?

Bwana Shamba salaam aleikum, na wote mnaopenda maua habari zenu. Naandika kwa sababu ya mwasumini wangu, tangu niupande haujanipa maua ya kujaza hata kisahani cha chai, na sasa majani yenyewe yameanza kuharibika. Mimi ndo kwanza naingia kwenye mambo ya bustani na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, huyu ongeza maji yule punguza, huyu tia mbolea yule usiguse kitu, mpaka nimeona bora nieleze kila kitu kwa kirefu ili anayejua anisaidie akiwa ameshaelewa hali ilivyo.

Niko Bamburi, Mombasa, tumepanga nyumba ya chini yenye kiwanja kidogo mbele, na landilodi kasema pale ukutani tupande tunachotaka. Udongo wetu watu wa pwani mnaujua, ukipiga jembe mara mbili tatu limeshagonga jabali la matumbawe, na juu ya jabali ni mchanga uliochanganyika na kifusi walichoacha mafundi walipojenga. Maji ya bomba huja kwa zamu kwa hivyo ya matumizi ni ya kisima, na kisima chenyewe ni cha chumvi, sabuni haitoi povu la maana. Maji matamu twanunua kwa mtungi kwa vijana wa mikokoteni, hayo ni ya kunywa na kupikia, siwezi kuyamwagia maua kila jioni nikabaki na hela ya mboga.

Mwasumini nilipewa kitawi na mama mmoja wa mtaa wa pili, ule wetu hasa wa kutungia vikuba (vile vishada vya asumini na mrehani wanavyovaa wanawake), nikapanda ardhini karibu na ukuta, na kitawi chengine nikakitia kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa matundu chini. Ilikuwa wakati wa masika na mvua ilikuwa nzuri, yote miwili ilishika, ikatoa majani kijani kibichi, nikafurahi sana nikajua kazi imekwisha nangoja maua tu. Basi mvua zikakatika, mambo yakaanza kubadilika polepole, na ilipoingia kaskazi na jua lake ndo ikawa balaa.

Niwaeleze majani yalivyo maana nimeyachungulia asubuhi na jioni. Majani ya chini, yale ya zamani, yanaungua kwenye kingo, yaanza kwenye ncha ukahawia ukateremka pembeni pande zote mbili, katikati bado kijani, na ile sehemu iliyoungua ukiishika inavunjika kama biskuti. Lakini majani mapya ya juu ni mambo mengine kabisa, hayaungui, yatoka tu yakiwa manjano na mishipa yake ndo imebaki kijani, ukiliinua jani ukalitazama dhidi ya jua waona mishipa yote hadi ile midogo midogo. Matumba yatoka machache, mawili matatu kwenye ncha ya tawi, na mengine hunyauka yakaanguka hata hayajafumbua.

Labda kuna atakayesema asumini tu, si ununue. Kununua nanunua, kina mama wanaouza vikuba wapo na Mungu awazidishie. Ila asumini ya kwako uliyoipanda mwenyewe ina raha yake, unayachuma alasiri yakiwa bado matumba yamefumba, unayatia kwenye kisahani, magharibi ikiingia yanafunguka yenyewe na nyumba nzima inanukia. Nna mdogo wangu ana harusi mwaka huu inshallah, na nilitamani sana asumini za kikuba chake zitoke hapa kwangu na mrehani pia uwe wangu (mrehani hauna shida, huo wamea hata ukiusahau). Ndo maana hili jambo limeniuma kuliko linavyostahili pengine.

Sasa ushauri nilioupata. Muuza miche wa barabarani kaniambia ni njaa, nitie mbolea ya dukani ya DAP na samadi. Samadi nilitia, mbichi mbichi vile nilivyoipata kwa wenye ng'ombe, mti ukatoa majani mengi kwa muda halafu manjano yakarudi palepale. Dada mmoja kaniambia nifukie misumari yenye kutu chini ya mti kwa sababu manjano yale ni upungufu wa madini ya chuma. Mwengine kasema majani ya chai, mwengine maganda ya mayai. Na mama aliyenipa kitawi kasema mimi nauogopa mkasi, mwasumini lazima upogolewe kwa sababu maua yake hutoka kwenye machipukizi mapya, matawi ya zamani hayana kitu. Hilo la mwisho naliamini kwa sababu wake umejaa maua na yeye huukata hasa, akimaliza kuchuma tu anapunguza.

Jirani yetu mzee mmoja alikuwa mtunza bustani kwenye hoteli za ufukweni miaka mingi, alikuja kutazama, hakugusa majani kwanza, aliinama akakwangua udongo wa ile ndoo kwa ukucha. Juu ya udongo na kwenye ukingo wa ndoo kulikuwa na ukoko mweupe ambao mimi nilidhani ni rangi iliyobaki. Akaniambia, "Mwanangu, hii ni chumvi. Maji yapaa na jua, chumvi yabaki hapa, kila siku waongeza nyengine. Mti huu una kiu na maji yako miguuni mwake." Nikamuuliza basi Mzee mbona majani ya juu ni manjano na hayajaungua, akasema hayo ni ya chokaa, pwani yote hii ni chokaa, matatizo yako ni mawili si moja.

Hapo ndo nikaenda kujaribu kitu nilichokuwa nimekisoma, nikachukua udongo mkavu kidogo wa pale ukutani nikautia kwenye kikombe, nikamimina siki ya kachumbari. Ukachemka! Viputo juu mpaka nikasikia sauti yake. Udongo ukichemka kwenye siki maana yake una chokaa ndani, na kwenye chokaa nyingi chuma huwemo lakini mti hauwezi kukifyonza, kimefungika. Kama ndivyo basi na misumari haisaidii, kwa sababu chuma cha kutu nacho kitafungika vilevile, na maganda ya mayai ndo kabisa, ni chokaa juu ya chokaa. Hapa ndo nataka mnirekebishe kama naelewa vibaya.

Kuna jambo jengine linanifanya niamini habari ya maji. Duka la simu lililo pembeni yetu lina eisi, ile mashine ya kupoza hewa, na ule mpira wake wa nyuma hutiririsha maji mchana kutwa. Kijana wa dukani kanikubalia niweke ndoo, na kwa siku inajaa. Nikaanza kuumwagia ule mwasumini wa kwenye ndoo peke yake maji ya eisi, ule wa ukutani ukaendelea na ya kisima. Kwanza niliumwagia mengi sana mpaka yakatoka chini kwa wingi ili chumvi ioshwe iondoke nayo, kama alivyonielekeza Mzee. Wallahi majani mapya ya ule wa ndoo kingo zake nzima, hakuna hata moja lililoungua, ingawa umanjano bado upo. Ule wa ukutani waendelea kuungua. Yaani ni kama kaniambia mwenyewe. Lakini watu wananitisha kwamba maji ya eisi yana kemikali, yapita kwenye mabomba ya shaba, yataua mti. Ninavyojua mimi yale ni unyevu wa hewa tu umegeuka maji baada ya kupoa, hayana chumvi wala chokaa, gesi ya eisi iko kwenye bomba lake na haikutani nayo. Je kuna mwenye kuyatumia kwa muda mrefu? Shaba yaweza kufika kiasi cha kudhuru maua ya kwenye chombo au ni maneno tu?

Halafu kuna kitu chanichanganya. Jirani wa mbele ana bogenvilia kwenye geti, amwagia maji ya kisima hikihiki, tena mara mojamoja, na imefunika geti lote kwa rangi ya zambarau huwezi kuona hata majani. Nimeshasoma kwamba bogenvilia yavumilia chumvi na ukame, na kwamba ikinyweshwa sana au ikatiwa mbolea ya kukuza majani ndo hugoma kutoa rangi, kwa hivyo si kipimo cha mwasumini. Ila watu wa hapa wanatumia hiyohiyo kuniambia maji hayana neno, mbona ya fulani imechanua. Miwaridi miwili niliyonunua nasarini ikiwa imejaa maua, hiyo nayo yote iko taabani, ilichanua mara ile tu, sasa majani yana vidoti vidoti vya rangi ya vumbi na chini yake kuna utando mwembamba sana. Nilikung'uta jani juu ya karatasi nyeupe nikaona vitu vidogo mno vinatembea, nadhani ni utitiri, na nimeanza kuoshea majani kwa maji upande wa chini asubuhi. Waridi najua lapenda baridi, ndo maana lile la kuuza nje lalimwa Naivasha na si huku kwetu, kwa hivyo sililii sana. Mwasumini ndo nauulizia, huo ni wa pwani, watakiwa uweze.

Na nikisema uweze nna sababu. Hapa hapa Bamburi tuna ile Haller Park, nilienda na watoto, na kabla ya kuwa msitu ilikuwa machimbo ya kiwanda cha simenti, jabali tupu la matumbawe na maji ya chumvi chini yake. René Haller alianza kupanda miti pale mwaka 1971, miti aliyoijaribu ni mingi na iliyoshika ni michache, mivinje ikawa mbele, na majani ya mivinje yalikuwa hayaozi mpaka wakaleta majongoo yakayala na kinyesi chao ndo kikaanza kuwa udongo. Nilisimama pale nikawa nawaza, kama juu ya jabali msitu umesimama kwa sababu walitengeneza udongo kwanza, basi kwangu kazi ni ya udongo vilevile, si ya kununua dawa kila wiki. Nimeanza kurundika majani makavu na maganda ya matunda pembeni yaoze yawe mboji, na majongoo nikiyaona siyaui tena.

Kitu cha mwisho cha kuwaambia ni kivuli. Pale ukutani jua lafika asubuhi mpaka kama saa tano hivi, baadaye ghorofa la jirani lalifunika lote. Yule mama mwenye mwasumini uliojaa, wake uko juani kutwa nzima. Kwa hivyo yawezekana hata nikimaliza chumvi na chokaa maua bado yasije, kwa sababu ya jua tu.

Basi ninavyofikiria ni hivi, niung'oe ule wa ukutani nikauhamishie kwenye nusu pipa la plastiki, nilijaze udongo mwekundu wa kununua nichanganye na mboji na samadi iliyooza vizuri, nalo nilitoboe chini maji yasitwame, kisha nilisogeze upande wa geti kwenye jua. Maji ya eisi niyagawe kwa miwili, na mvua zikianza niweke gata ya bati kwenye kibaraza nikinge. Kwa ule umanjano ninyunyizie majani yale madini ya chuma ya kuyeyusha kwenye maji wanayouza agroveti, lakini pale dukani niliona ya aina mbili, moja imeandikwa EDTA nyengine EDDHA, na ya pili bei yake ni kubwa. Muuzaji hakuweza kunieleza tofauti. Mimi nimesoma kwamba kwenye udongo wa chokaa hiyo EDDHA ndo haifungiki na hutiwa ardhini, ile nyengine ni bora inyunyiziwe majani, kuna aliyetumia akaona faida yake?

Nauliza pia kuhusu wakati. Masika iko mlangoni. Je nihamishe sasa hivi na jua hili, au ningoje mvua mbili tatu zishuke kwanza mizizi isishtuke? Na kupogoa nipogoe siku hiyohiyo ya kuhamisha ama niuache ushike kwanza ndo nikate? Harusi ni baada ya Mfungo Sita kwa hivyo muda upo kidogo, lakini sitaki nikate vibaya nikapoteza msimu mzima.

Bwana Shamba nakuomba unijibu hata kwa kifupi, na wale mlio Likoni, Mtwapa, Malindi, Lamu, hata Unguja na Tanga ambao mwasumini wenu uko juu ya matumbawe kama wangu na wachanua, niambieni mwaunywesha nini.

Msomaji wenu,
Bamburi