Kabla Rehema hajalipa ada ya shule ya uigizaji Dublin

Dublin, 9 Novemba

Dada Mwanahamisi, shikamoo.

Huku wote wazima, baridi ndiyo kwanza inaanza. Barua yako imefika, na ule ujumbe mrefu wa Rehema nimeusoma mara mbili. Mnauliza swali moja: akija huku kusomea uigizaji, ataweza kula kwa kazi hiyo? Naandika kwa kirefu, na naomba usome naye akiwa hapo pembeni, kwa sababu ada ya shule hizi kwa mtu wa nje ya Ulaya ni hela ya kuuza kiwanja, na yanayoamua mambo hayamo kwenye vipeperushi vyao.

Nianze na lililo gumu. Mwigizaji wa Ayalandi mara nyingi si mwajiriwa wa mtu. Leo ana mkataba wa wiki nane kwenye ukumbi wa tamthilia, baadaye siku tatu kwenye filamu, kisha saa moja studio akisoma tangazo la redio. Mbele ya serikali huyo ni mtu aliyejiajiri. Sasa, mwanafunzi mwenye pasipoti kama ya kwetu hupewa kibali kinachoitwa Stamp 2. Kinamruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na saa 40 kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba, na tena kati ya 15 Desemba na 15 Januari. Lakini kujiajiri hakimruhusu. Akimaliza shahada ya kwanza anaweza kuomba Stamp 1G ya wahitimu, mwaka mmoja, na katazo la kujiajiri liko pale pale. Mwenye uhuru wa kuchukua kazi yoyote ya uigizaji ni mwenye Stamp 4, kibali cha ukaazi kisicho na katazo hilo, au raia. Kwa hiyo Rehema anaweza kuwa bora darasani kuliko wenzake wote, akapewa nafasi, halafu mkataba ukamshinda kusaini. Kila kazi atakayopewa, hata ya ekstra, swali la kwanza liwe: mkataba huu ni wa mwajiriwa au wa aliyejiajiri?

Na kozi yenyewe lazima iwe ya kutwa na iwemo kwenye orodha ya serikali iitwayo ILEP. Kozi za jioni, hata ziwe nzuri vipi, hazitoi kibali. Mwaka 2023 fedha za kujikimu ambazo mwanafunzi hutakiwa kuzionyesha zilipandishwa kutoka yuro 7,000 hadi 10,000 kwa mwaka, mbali na ada. Usajili wa uhamiaji ni yuro 300, na hulipwa tena kila kibali kinapohuishwa.

Rehema ametaja majina ya wakubwa, nami nataka aione njia waliyopita. Cillian Murphy alianzia kwenye kikundi kidogo cha Cork kiitwacho Corcadorca, mwaka 1996. Oscar ya mwigizaji bora aliichukua 2024. Hesabu miaka hiyo. Barry Fitzgerald, wa zamani zaidi, alikuwa karani wa serikali mchana na mwigizaji wa ukumbi wa Abbey hapa Dublin usiku. Alicheza hivyo miaka na miaka kabla ya kuacha ofisi mwaka 1929, na Oscar yake ilikuja 1945. Yupo pia Ruth Negga, aliyezaliwa Addis Ababa kwa baba Mwethiopia na mama wa Ayalandi, akakulia Limerick, akasoma uigizaji Trinity College. Mwaka 2018 ukumbi wa Gate hapa Dublin ulimpa nafasi ya Hamlet mwenyewe, mtoto wa mfalme, chini ya mwongozaji kutoka Afrika Kusini, Yaël Farber. Huyo Rehema amfuatilie kwa makini. Lakini akumbuke kwamba Ruth hakuhitaji kibali.

Wote hao jukwaa ndilo lililowalea, na jukwaa la huku lina tabia yake. Abbey ilifunguliwa 27 Desemba 1904 na watu wa kalamu, na kuanzia 1925 inalipwa ruzuku ya serikali. Gate ikafuata 1928, na kikundi cha Druid cha Galway 1975. Mwandishi ndiye mwenye nyumba, mwigizaji ni mgeni aliyekaribishwa. Kwetu kwenye seti nyingi za filamu mwongozaji anakueleza kisa, unajaza maneno mwenyewe, na anayejaza vizuri ndiye nyota. Huku ukibadilisha “lakini” ukasema “ila”, meneja wa jukwaa anaandika. Jioni unapewa karatasi yenye kila neno uliloruka, kuongeza au kupindua, na kesho unatakiwa uwe umelirekebisha. Si ukali wa bure. Sentensi za waandishi wao zimepimwa kwa pumzi: ukiongeza neno moja, kichekesho kinafika baada ya watu kuanza kukohoa.

Shule kuu ni tatu. The Lir, iliyoanzishwa 2011 chini ya Trinity, inatoa shahada ya miaka mitatu. Paul Mescal alimaliza hapo 2017. Gaiety School of Acting ipo tangu 1986. Bow Street, iliyoko Smithfield, imeelekea zaidi kwenye kamera. Darasa moja la Lir halifiki watu ishirini, na masomo ni kutwa nzima, mara nyingine mpaka usiku, kwa hiyo hizo saa 20 za kazi kwenye karatasi, kwa vitendo hazipatikani zote.

Kwenye usaili huombwa hotuba mbili za kukariri, moja ya kale, ambayo kwa kawaida ni ya Shakespeare, na moja ya kisasa, kila moja isipite dakika mbili. Wengi huanguka kwa kuchagua hotuba ya kulia na kupiga kelele. Paneli imeshasikia vilio kumi tangu asubuhi. Achague mtu anayetaka kitu kutoka kwa mwenzake, maana hapo kuna cha kuigiza. Mwenzake huyo wa kufikirika amweke ukutani, juu kidogo ya vichwa vya paneli, asiwakodolee macho wao. Asivae maleba. Akimaliza watamwambia, kwa mfano, “rudia, lakini safari hii unamficha mtu aliye chumba cha pili.” Hapo ndipo anapopimwa kweli. Akiirudia vile vile alivyoizoea nyumbani, amekwisha, hata kama mara ya kwanza ilikuwa tamu. Basi aifanyie mazoezi kwa njia tano tofauti: kwa kunong'ona, akikunja nguo, akikimbia, akicheka, akiwa amechoka.

Suala la lafudhi limemtia hofu. Asijaribu kuiga Waayalandi kwenye usaili, wanaisikia mara moja na hawaipendi. Ila kuna jambo la kuanza kulifanyia kazi sasa. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Tukisema Kiingereza ulimi unarudi huko huko, na tunatia vokali penye konsonanti mbili. Msikilizaji anaelewa neno moja moja, lakini sentensi inampotea. Achukue aya moja ya gazeti la Kiingereza kila siku, apige mstari chini ya silabi yenye mkazo kwenye kila neno refu, asome akigonga meza kwenye silabi hiyo, dakika kumi tu. Lafudhi za huku atafundishwa akifika, nazo ni nyingi: ya Cork inapanda na kushuka kama wimbo, ya Dublin kaskazini ya mto ni nyingine na ya kusini ni nyingine.

Sasa nimweleze usiku mmoja wa kazi. Mazoezi huwa wiki nne au tano, saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Halafu zinakuja siku za kiufundi, ambapo mchezo unakatwakatwa: taa inawaka, simama, rudi, taa tena. Siku moja kama hiyo inaweza kuchukua saa kumi na mbili nzima za kazi. Wageni wa kazi hupaza sauti siku hizo kana kwamba ukumbi umejaa, na usiku wa watazamaji wa kwanza koo limekauka. Wazoefu husema kwa sauti ya kawaida na kuitunza nguvu.

Pazia likifunguliwa saa 1:30 usiku, wito uitwao “nusu saa” hupigwa saa 12:55, si saa 1:00. Wito wote unatangulia kwa dakika tano, kwa sababu unahesabiwa mpaka waigizaji wa mwanzo wawe wameshasimama mahali pao, na hao huitwa dakika tano kabla ya pazia. Wito wa robo saa unakuja saa 1:10, wa dakika tano saa 1:20, na saa 1:25 wa mwanzo wanaitwa. Asiyekuwa ndani ya jengo saa 12:55 anapigiwa simu, na anayemshikia nafasi, kama yupo, anaanza kuvaa. Nyuma ya pazia kuna kubadili nguo ndani ya sekunde thelathini, gizani: mavazi yameshakunjwa chini kwa mpangilio, viatu vimetolewa kamba na kutiwa lastiki, vifungo vya mbele ni vya urembo tu na chini yake pameshonwa zipu. Mwigizaji anasimama wima, mikono mbali kidogo na mwili, asisaidie. Anayejaribu kujifunga mwenyewe ndiye anayeharibu, maana mikono minne gizani hugongana.

Upande wa kamera, serikali inarudishia watayarishaji sehemu ya matumizi yao kwa njia ya kodi, asilimia 32 ya gharama zinazokubaliwa, chini ya kifungu kiitwacho Section 481. Ndiyo maana filamu za Marekani zinapigwa Wicklow, kwenye studio za Ardmore zilizofunguliwa Bray mwaka 1958, na kwingineko. Nyota huja nao kutoka kwao. Waigizaji wa hapa hupata nafasi za siku moja mpaka tatu: daktari, askari, dada wa hotelini. Kazi ya kudumu kidogo ni ya michezo ya mfululizo ya televisheni, kama Fair City ya RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, inayorushwa tangu 1989, au ule wa lugha ya Kiayalandi unaopigwa kijiji cha An Spidéal tangu 1996. Huo wa mwisho unahitaji lugha yenyewe, si maneno ya kukariri.

Usaili wa kamera siku hizi ni video ya nyumbani, na muda unaopewa mara nyingi ni siku moja au mbili. Simu ilazwe kwa upana, lenzi iwe usawa wa macho, picha ikate kifuani. Ukuta uwe mtupu, wa kijivu au buluu hafifu. Mwanga utoke mbele, dirisha likiwa mgongoni uso unakuwa kivuli. Macho yamwangalie msomaji aliyesimama begani mwa lenzi, yasiingie kwenye lenzi yenyewe isipokuwa mwanzoni anapotaja jina na urefu wake. Kosa ninaloliona zaidi ni sauti ya msomaji: yuko karibu na simu kuliko mwigizaji, basi anasikika yeye. Asome kwa chini, bila kuigiza.

Ajenti huchukua kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya kazi aliyoipata. Akidai hela kabla hujapata kazi, mkimbie. Chama cha waigizaji ni Irish Equity, ndani ya SIPTU, chama kikubwa cha wafanyakazi, na mikataba yote aipeleke huko kabla ya kusaini. Kuhusu kodi, watu wa kwetu husikia kwamba wasanii wa Ayalandi wamesamehewa. Wamesamehewa waandishi, watunzi wa muziki, wachoraji na wachongaji, mpaka yuro 50,000 kwa mwaka. Mwigizaji hamo. Anayejiajiri anajaza fomu yake kufikia 31 Oktoba na kutunza risiti miaka sita. Serikali ilijaribu pia kuwapa wasanii 2,000 yuro 325 kila wiki kuanzia 2022, wakichaguliwa kwa bahati nasibu kati ya waliotimiza masharti. Mpango wenye heshima sana, lakini kwamba ulihitajika kunakuonyesha waigizaji wengi wa huku wanavyoishi: wanahudumia meza, wanafundisha watoto, wanaongoza watalii.

Kwa hiyo dada, kuhusu kiwanja, ninashauri msikiuze bado. Rehema aanze Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa, ambako mwili na sauti vitapata msingi kwa gharama ya kwetu. Halafu tumwombee viza ya muda mfupi kwa kozi ya kiangazi, wiki chache, aone madarasa na walimu wenyewe, nao wamwone. Miaka mitatu tuizungumzie baada ya hapo, tukiwa tumeshajua kibali gani kitamfaa akimaliza.

Kwa sasa anitumie video ya hotuba moja. Ukuta wa barazani unatosha, asubuhi kabla jua halijawa kali, uso ukielekea uani. Wewe kaa nyuma ya simu, upande wa kulia, umsomee mistari ya yule wa pili, polepole na kwa sauti ya chini. Arudie mara tatu, kila mara kwa njia tofauti, na zote tatu anitumie, hata ile asiyoipenda.

Nisalimie mama na wote wa Chumbageni.

Mdogo wako,
Shabani