Kioo cha laptopu wengine mnaweza kubadilisha wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wanafunzi wa vyuo na wazazi wao, maana kila vyuo vikifunguliwa tunaletewa laptopu vioo vimepasuka, mtu kasahau kalamu juu ya kibodi akafunga mfuniko, mwingine begi limebanwa kwenye daladala, na swali ni lile lile, fundi hii siwezi kubadilisha mwenyewe? Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwenge na jibu langu huwa natoa wazi, wengi mnaweza, ila inategemea una laptopu gani na unanunua kioo gani.

Kwanza hakikisha kweli ni kioo. Chukua waya wa HDMI unganisha na TV ya nyumbani, picha ikitoka safi kwenye TV basi mashine ni nzima, shida iko kwenye kioo au waya wake (na hapo hapo hamisha kazi zako zote kwenye flashi, hasa wewe wa mwaka wa mwisho mwenye ripoti). Kama picha inakatika ukikunja na kukunjua mfuniko, shuku waya unaopita kwenye bawaba, huo bei yake ni ndogo na watu wananunua kioo kizima bure. Kama kioo ni cheusi tii lakini ukimulika tochi ya simu kwa upande unaona maandishi kwa mbali, kilichozima ni taa ya nyuma au umeme unaoilisha, na shida ikiwa kwenye mazabodi (ule ubao mkuu wa umeme ndani ya mashine) usihangaike nayo nyumbani. Ila ukiona nyufa na weusi kama wino umemwagika hapo hakuna mjadala, kioo kimekufa.

Sasa laptopu yenyewe. Nyingi tulizonazo mtaani ni mtumba wa maofisini, Dell Latitude, HP EliteBook, ThinkPad, na hizi zenye kioo cha kawaida kisicho cha kutachi ndio nasema jaribu. Fremu ya plastiki inabanduka kwa kucha au kadi ya zamani, ndani kioo kimeshikwa na skrubu ndogo ndogo, mpya zaidi zina gundi ya utepe unayoivuta taratibu mpaka itoke yote. Dell, HP na Lenovo wameweka mtandaoni bure vitabu vya ufundi vya modeli zao, hatua kwa hatua, kipakue cha kwako ukisome kabla hujashika bisibisi. MacBook sikushauri hata kidogo, kioo chake kimegandishwa na mfuniko, kwa kawaida unabadilishwa mfuniko mzima na ukikosea hasara ni kubwa. Za kutachi nazo nyingi kioo cha juu kimegandana na paneli, mpe fundi.

Kinachowaponza watu zaidi ni kununua kioo kwa jina la laptopu. Unafika Kariakoo unasema nataka kioo cha HP inchi 15.6, unapewa, unafika nyumbani soketi haiingii. Modeli moja inaweza kutoka kiwandani na vioo tofauti, kwa hiyo fungua kwanza, geuza kioo, piga picha stika ya mgongoni. Utakuta namba kama NT156WHM-N42, hiyo inatengenezwa na kampuni ya BOE, inchi 15.6, pikseli 1366 kwa 768, soketi ya pini 30. Vipo vya pini 40 pia, na hapo angalia sana, kwa sababu laptopu za zamani zinatumia pini 40 za LVDS, mfumo wa zamani wa kupeleka picha kwenye kioo, na hizo hazikubaliani na za eDP, mfumo wa sasa, hata kama kwa macho pini ni 40 kwa 40. Angalia pia masikio ya skrubu yako upande gani, kuna vioo vinafanana kila kitu ila masikio hayapo.

Na hili nasisitiza sana, zima mashine, chomoa chaji, chomoa na betri. Kama betri iko ndani fungua kava la chini uchomoe waya wake kwenye mazabodi ndio uguse waya wa kioo. Ukichomoa waya wa kioo umeme ukiwepo, fyuzi ya taa inaweza kuungua, unafunga kioo kipya kinabaki giza, unarudi kugombana na muuzaji wakati kioo chake ni kizima. Hizo zinatufikia sana na sasa inakuwa kazi ya mazabodi, gharama juu ya gharama.

Mafundi wenzangu kuna watakaosema nawaharibia soko. Mimi sioni hivyo, kazi za mazabodi, bawaba na za kutachi zipo tele na zinahitaji mikono yetu. Kinachotuharibia ni kumtajia mteja bei ya jumla bila kufungua mashine, hajui kioo ni shilingi ngapi na ufundi ni shilingi ngapi, kioo chake cha zamani haoni tena. Tumwandikie namba ya kioo kwenye risiti, tumrudishie cha zamani akitaka.

Na wauzaji wa spea, lile bango la mali ikishauzwa hairudishwi kwenye vioo linaumiza watu, mwanafunzi kabeba hela ya bumu kaja na picha ya stika, mmempa kisichofanana halafu mnamkatalia. Kijaribuni kioo dukani kwanza mbele yake, na kama nailoni ya juu haijabanduliwa na soketi haijakwaruzwa, mbadilishieni.

Fundi kompyuta,
Mwenge, Dar es Salaam