Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Makapi ya Korona na Ile Chupa ya Ute

Ndugu wanachama,

Nianze na chupa, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu. Tangu iwekwe kwenye kabati la katibu nimeulizwa habari zake msikitini, gulioni, hata msibani. Wako walioambiwa ni dawa. Si dawa. Ni makapi yetu ya mkonge, yale tunayoyakanyaga kila siku nyuma ya korona, ile mashine ya kukwangua majani, yakasafishwa na kusagwa mpaka ikabaki selulosi peke yake, nyuzi nyembamba ambazo jicho haliwezi kuzitenga. Ukiipindua chupa, ute haumwagiki, ingawa karibu wote ni maji: katika kila sehemu 100, selulosi ni 2 tu. Hizo 2 ndizo zinazoyashika maji yasiende.

Mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo ndiye aliyeondoka na gunia moja la makapi, akarudi na chupa. Tulimkalisha chini ya mwembe jioni nzima atueleze. Nayaandika hapa niliyoyaelewa, kwa faida ya ambao hawakuwapo.

Katika kila kilo 100 za majani, korona inatupatia singa, yaani nyuzi za kuuza, kilo 4 hivi. Zilizobaki ni makapi na maji. Mwaka 1964, nchi yetu ilipotoa takriban tani 230,000 za singa, kwa hesabu hiyo makapi yaliyotupwa yalizidi tani milioni 5. Tunaijua harufu yake tangu enzi za mababu. Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893, Dkt. Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipofikisha miche 62 hai kati ya 1,000 aliyoagiza.

Ndani ya makapi, selulosi imekaa kama fito za nyumba ya udongo. Udongo wenyewe ni lignini na hemiselulosi. Unaosha kwanza, unachemsha kwa kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, udongo unalegea. Kisha unafanya weupe, zinabaki fito. Hapo njia zinagawanyika. Ukizisaga kwa mashine ya shinikizo kubwa unapata nyuzi ndefu zinazonasana, ndio ute wa kwenye chupa. Ukizitia kwenye asidi ya salfa ya asilimia 64, kwenye nyuzijoto 45, kwa muda usiofika saa moja, sehemu legelege za selulosi zinaliwa na kubaki fuwele, vijiti vyenye urefu wa nanomita 100 hadi 300 na unene wa nanomita chache tu. Nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni.

Nisimame kidogo kwenye hiyo asidi. Mwanachama mmoja, sitamtaja, alinifuata pembeni kuuliza kama maji ya betri hayatafaa. Ni asidi hiyohiyo iliyozimuliwa, na kuifikisha kwenye 64 ni kuichemsha mpaka maji yatoke, jambo ambalo halifanywi kwenye sufuria nyuma ya nyumba yenye watoto. Kamati imepiga marufuku. Atakayeonekana nayo kwenye eneo la chama, uanachama wake utajadiliwa.

Sasa fedha. Hesabu kamili atazisoma mhazini. Mimi nasema moja: kutokana na makapi, mwaka huu hatukuingiza hata shilingi. Alikuja mnunuzi, akasema atachukua kila tutakachokausha. Tukajenga vichanja, tukanunua maturubai. Masika ikashika, makapi yakachacha juu ya vichanja, na mnunuzi akaacha kupokea simu. Lawama ya vichanja ni yangu. Nilikubali vijengwe kabla ya kuona mkataba.

Akina mama waliofanya kazi ya kuosha nao wana haki ya kusikika. Makapi mabichi yana vijisindano vya kalsiamu oksalati, ndivyo vinavyowasha, na mikono yao ilivimba wiki nzima. Glavu zilinunuliwa baadaye. Zilipaswa kununuliwa kabla.

Mtaniuliza, tunaendelea au tunaacha? Nimesikia wanaotaka tukope tununue mashine ya kusaga. Mimi napinga. Nyuzi hizi zina kazi za kweli: zinaimarisha karatasi, zinazuia hewa isipenye vifungashio, na Japani zimeshaingia kwenye wino wa kalamu. Lakini nyingi zinatokana na miti, kwenye viwanda vyenye maji safi, umeme wa uhakika na mabwawa ya kusafishia majitaka. Sisi umeme ukikatika korona inasimama. Na hiyo soda ikishatumika tutaimwaga wapi, mtoni?

Tunachowazidi wakulima wengine ni kimoja. Mabua ya mahindi yametawanyika mashambani, kuyakusanya tu ni gharama. Makapi yetu yamekwishakusanyika mahali pamoja, na singa fupi zinazopita na maji mferejini zina selulosi nyingi kuliko ile nyama ya jani. Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo dogo: tuweke wavu mferejini tuzinase singa fupi, tuzioshe, tuzikaushe kiangazi tu, tuzihifadhi zikiwa safi kwa maabara au kiwanda kitakachokuja na malipo ya awali mkononi. Nyama ya jani iende kwenye mbolea, au kwenye biogesi, ile gesi ya makapi yanayooza, siku tukipata uwezo. Shamba la Hale, mkoani Tanga, walishaonyesha tangu 2008 kwamba makapi ya mkonge yanatoa umeme.

Pendekezo litapigiwa kura baada ya taarifa ya mhazini. Chupa itazungushwa muione. Naomba kifuniko kisifunguliwe. Mara ya mwisho mtu alionja.

Mwenyekiti