Barua kwa mwanangu: kanda za Nixon na kicheko cha kwenye simu

Mwanangu Raya,

Assalaamu alaykum. Huku Unguja sote wazima. Baba yako anakohoa kidogo lakini hataki kusikia habari ya hospitali, unamjua. Ujumbe wako nimeusoma, na sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwenye simu wewe unakubali haraka kila ninalokwambia, kisha ukafanya lako.

Umesema mkuu wako wa kitengo anataka umwandalie orodha ya waandishi wa habari "wasiotutakia mema", na wenzako wakaipokea kwa kucheka. Basi nikusimulie habari za rais mmoja aliyekuwa na orodha kama hiyo, tena akatuachia na sauti yake.

Richard Nixon alitegesha vinasa sauti katika Ikulu ya Marekani Februari 1971. Ofisini kwake mashine ilijiwasha yenyewe mtu akifungua mdomo. Waliojua walikuwa wachache mno: Haldeman, mkuu wa watumishi wake, msaidizi wake Butterfield, na walinzi waliozifunga. Hadi zilipozimwa Julai 1973, baada ya Butterfield kuulizwa na kamati ya Seneti na kusema kweli, zilikuwa zimekusanya saa zipatazo 3,700 za mazungumzo. Mimi nimekaa pembeni mwa vikao na daftari la hati mkato karibu umri wangu wote wa kazi. Najua mkubwa anavyobadilika sauti akishasema "hili usiliandike". Kanda za Nixon ni yale ya "usiliandike", karibu miaka miwili na nusu, na yote yameandikwa.

Kuna kipande kinachotuhusu sisi. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kiti cha China kipewe Beijing, Taiwan itoke. Kura 76 ziliunga mkono, 35 zikapinga, nchi 17 hazikuelemea upande wowote. Marekani ilikuwa imehangaika sana kuzuia. Matokeo yalipotangazwa, ujumbe wa Tanzania ulinyanyuka kushangilia na kucheza pale pale ukumbini. Balozi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar, umri wake miaka 29. China ndiyo iliyokuwa ikitujengea reli ya kwenda Zambia wakati huo, kwa hiyo furaha ile ilikuwa na sababu yake.

Kesho yake Ronald Reagan, gavana wa California, akampigia Nixon simu. Alikuwa ameona mambo yale kwenye televisheni na damu imemchemka. Akasema kuwaona kima wale wa kutoka nchi za Kiafrika, hata viatu bado hawajavizoea. Nixon akaangua kicheko. Kanda hiyo ilipotolewa mwaka 2000, Reagan angali hai, maneno hayo yalikatwa kwa hoja ya kumlindia faragha. Yalisikika kamili mwaka 2019, mwanahistoria Tim Naftali alipoyatoa hadharani.

Lakini lililonishika mimi, kwa jicho la kazi yangu, ni lililofuata. Nixon alimpigia William Rogers, Waziri wake wa Mambo ya Nje, amweleze Reagan amesema nini. Katika kusimulia, kima wakageuka walaji wa watu, na wale ambao hawajavizoea viatu wakawa hawakuvaa viatu kabisa. Siku ile ile, mwanangu! Ningeandika muhtasari wa namna hiyo ningefukuzwa kazi, na ingekuwa haki. Na ujumbe huo ulikuwa unapelekwa kwa mtu anayesimamia sera ya nje ya nchi yenye nguvu kuliko zote.

Tena Rogers mwenyewe hakuwa mtu wa ndani. Julai mwaka huo Kissinger, mshauri wa usalama wa taifa, alisingizia maumivu ya tumbo akiwa Pakistan, akapanda ndege kwa siri hadi Beijing kuonana na Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai. Waziri wa Mambo ya Nje alifichwa hadi dakika za mwisho. Na Oktoba, wakati wajumbe wa Marekani wanaitetea Taiwan New York, Kissinger alikuwa Beijing tena akipanga safari ya bosi wake. Utamlaumu nani aliyepiga kura upande wa China, ikiwa mkubwa mwenyewe anatafuta mlango wa kuingilia huko huko?

Njia ya kupitia Pakistan ilikuwa na gharama, na waliolipa si wao. Aprili 1971 ubalozi mdogo wa Marekani mjini Dhaka, wakati huo Pakistan ya Mashariki, chini ya Archer Blood, ulituma simu ya maandishi kupinga kimya cha serikali yao wakati jeshi la Pakistan linawaua Wabengali. Watumishi 20 walitia sahihi. Washington ilimhitaji Jenerali Yahya Khan, mtawala wa Pakistan, kama mjumbe wa kwenda China, kwa hiyo Blood ndiye aliyeondolewa. Alikuwa na habari sahihi kuliko mtu yeyote aliyekuwa akikaa karibu na rais.

Usidhani nakwambia Nixon alikuwa mjinga. Alikuwa na tabia ya kujifungia na karatasi za njano zenye mistari, anaandika kwa mkono. Kabla ya kutua Beijing Februari 1972 alijiandikia kwa ufupi: wao wanataka nini, sisi tunataka nini, sote wawili tunataka nini. Taiwan ilikuwamo upande wa wao, Indochina, yaani Vietnam na jirani zake, upande wa Wamarekani. Mistari michache, haina tusi, haina kujisifu. Peke yake na kalamu alikuwa mwanasiasa mwenye akili kali. Akishapata wa kumsikiliza na kumchekea, anaropoka. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa katika saa zote 3,700, na linawahusu washauri kuliko linavyomhusu yeye.

Maana washauri wake walikuwa wa namna mbili. Haldeman alikuwa na desturi ya kuyakalia baadhi ya maagizo ya hasira, akingoja mzee apoe. Mshauri mwingine, Charles Colson, alisifika kwa kutekeleza. Katikati ya 1971, gazeti la New York Times lilipochapisha nyaraka za siri za vita vya Vietnam, Nixon alisikika akiagiza watu wavunje na kuingia katika taasisi ya utafiti ya Brookings wachukue mafaili. Halikufanyika. Mengine yalifanyika, likiwamo lile la kuficha uvunjaji wa ofisi za chama pinzani katika jengo la Watergate, na ndiyo yaliyomtoa madarakani tarehe 9 Agosti 1974, baada ya Mahakama ya Juu kuamua, majaji 8 kwa 0, kwamba kanda zitolewe.

Na waandishi? Desemba 1972, ameshashinda uchaguzi majimbo 49 kati ya 50, bado anamwambia Kissinger kwamba vyombo vya habari ni adui, na maprofesa ni adui, akaandike hivyo ubaoni mara 100 asisahau. Mtu ameshinda kiasi hicho na moyo haujatulia! Orodha ya maadui ilikuwa imeshaandaliwa tangu 1971. Ilipotoka hadharani Juni 1973, Daniel Schorr, mwandishi wa televisheni ya CBS, aliipata akiwa mbele ya kamera, akaanza kuisoma moja kwa moja hewani. Alipofika namba 17 akakuta jina lake. Akalisoma, akaendelea na namba 18.

Kuna watakaokwambia hayo ni ya Wamarekani. Sisi nasi tumesikiliza simu za watu. Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Robert Gordon wa Dar es Salaam na Frank Carlucci aliyekuwa hapa Unguja, kwa mazungumzo ya simu yaliyonaswa. Walitaja silaha, wakatuhumiwa kula njama. Wenyewe wakasema ilikuwa namna ya kusema tu, walikuwa wanazungumzia salamu za kumbukumbu ya Mapinduzi. Carlucci baadaye akawa Waziri wa Ulinzi wa nani? Wa Reagan, yule wa viatu. Na mwaka 1981, Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ya Reagan ilimzuia kwa kura ya turufu tena na tena, na China ikamzuia Waldheim, aliyekuwa akikikalia kiti hicho, mara 16, mpaka kiti kikaenda kwa Pérez de Cuéllar wa Peru. Sisemi ni kwa sababu ya ngoma ya 1971. Nchi hazipigi kura kwa sababu moja. Lakini kila nikisikia habari za kura zile, nasikia na kile kicheko.

Sasa la kwako. Orodha usiiandike. Usimgombeze mkuu wako, wala usiende kumsema kwa wenzako. Mwambie utamletea karatasi moja: waandishi hao wameuliza nini miezi hii, lipi tumejibu, lipi hatujajibu na kwa nini. Majina yawepo pale tu swali linapomhitaji mwenye kuliuliza. Akishikilia orodha yake, muombe kwa adabu akuandikie agizo hilo kwa maandishi, atie sahihi na tarehe. Nimewaona wakubwa wengi wakiishia hapo.

Mama yako