Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukingo Kwanza, Uso Baadaye

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mmeshagawiwa na mweka hazina, kwa hiyo sitazirudia. Taarifa yangu inahusu meza ya ukaguzi, kwa sababu ndiko kazi ya chama ilikofanyika mwaka huu: medali za kijeshi zilizoletwa, kasoro zilizoonekana, na utafiti uliofuata. Nyingi ni za Uingereza, na zaidi ya hapo ni za askari wa King's African Rifles (KAR), kikosi cha kikoloni cha Uingereza cha askari wa Afrika Mashariki, kilichoundwa tarehe 1 Januari 1902. Ndizo zilizobaki kwenye masanduku ya familia zetu, na ndizo zinazopotea haraka kuliko nyingine zote.

Kosa linalojirudia ni kutazama uso wa medali na kuusahau ukingo. Uso una sura ya mfalme, na sura hiyo hiyo wamepewa mamilioni. Jina la mtu liko ukingoni: namba, cheo, jina, kikosi. Fedha iliyomo ina bei yake ya sonara, lakini thamani ya medali kwa mkusanyaji na kwa mtafiti imo katika mstari ule mmoja wa herufi. Mwaka 1980 bei ya fedha ilipopanda kupita kiasi, British War Medal nyingi, zile medali za fedha za Vita vya Kwanza, ziliyeyushwa kwa ajili ya madini, na majina yakaenda nazo. Hasara hiyo hairudishiki.

Kwa hiyo utaratibu wa meza sasa ni huu. Medali inashikwa kwa ukingo, kwa glavu za pamba. Taa inawekwa ubavuni, si juu, ili herufi zitupe kivuli. Kila kilichoandikwa kinanakiliwa kama kilivyo, pamoja na nukta na makosa ya tahajia, wala hakuna kumsahihishia karani wa zamani. Kisha kipenyo kinapimwa kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili, mahali pasipopungua panne kuzunguka medali.

Kipimo hicho kimetuokoa mara nyingi. British War Medal na Victory Medal za 1914–1918 zina kipenyo cha milimita 36. Nakala iliyotengenezwa kwa kumimina metali kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka medali halisi hutoka ndogo, kwa sababu metali ikipoa hunywea. Tofauti ni karibu nusu milimita. Uso wake nao huwa umefifia, na kwenye uwanda laini huonekana vijipele vidogo vya hewa. Medali halisi iliyofutwa jina ili liandikwe jingine ni mwizi wa aina nyingine: uso wake ni mkali, kila unywele wa mfalme unaonekana, lakini ukingo umepigwa tupa. Kalipa itasoma 36 upande mmoja na pungufu upande wa pili, na ule mdomo mwembamba unaozunguka uso utakuwa umeliwa sehemu moja. Ukikuta hali hiyo, usimtafute mtu mwenye jina lililoandikwa. Huyo si mwenye medali.

Zitazameni pia herufi zenyewe. Medali za Vita vya Kwanza ziligongwa majina kwa mihuri, herufi kubwa zisizo na vikia, na kila pigo limesukuma metali pembeni kidogo. Jina lililochongwa kwa kalamu ya chuma linaonyesha mkwaruzo wenye mwanzo na mwisho. Medali ya vita hivyo yenye jina la kuchongwa inataka maelezo kabla haijanunuliwa.

Baada ya ukingo, hoji kama seti inaingia akilini. Hakuna aliyepewa Victory Medal bila British War Medal, na aliyepata 1914-15 Star alipata zote mbili pia. British War Medal ndiyo inayoweza kusimama peke yake kihalali. Mwanachama akileta Victory Medal moja, maana yake mwenzake yuko mahali, na inafaa namba na jina viandikwe kwenye daftari la chama ili siku medali ya pili ikitokea, zikutane. Kwenye jozi ya mwanajeshi wa kawaida, maandishi ya medali zote mbili yanapaswa kulingana. Kwa maofisa wa jeshi la Uingereza jina la kikosi kwa kawaida halikuandikwa, basi msiione kama kasoro.

Africa General Service Medal iliyoidhinishwa 1902 imetuletea maswali mengi zaidi mwaka huu, na inastahili. Hii haikutolewa bila baa, yaani kile kibao chembamba kinachopita juu ya utepe kikiwa na jina la vita. Utepe wake ni wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani katikati. Sasa linganisheni baa na kichwa cha mfalme. Baa ya NANDI 1905-06 inakaa kwenye medali ya Edward VII. Baa ya KENYA, ya mapigano ya kuanzia Oktoba 1952 hadi Novemba 1956, inakaa kwenye medali ya Malkia Elizabeth II. Kichwa cha George VI hakimo kabisa kwenye medali hii. Mezani ilikuja moja yenye baa ya KENYA juu ya kichwa cha George V. Medali ilikuwa ya kweli, na baa ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa cha uongo ni ndoa yao. Chini ya kioo cha kukuzia, vijiti vinavyoshika baa vilionekana vimekunjuliwa na kukunjwa upya.

Nyota za Vita vya Pili zina ugumu wake. Uingereza haikuandika majina kwenye nyota za kampeni. Afrika Kusini, India na Australia waliandika kwa ajili ya wanajeshi wao. Africa Star na Burma Star zilizokaa pamoja zinaweza kuwa za askari aliyepigana Uhabeshi mwaka 1941 kisha akaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, lakini pia zinaweza kuwa zimeokotwa sehemu mbili tofauti wiki iliyopita. Hapa karatasi ndiyo jina. Cheti cha kuachishwa jeshi, kisanduku ambamo medali zilitumwa kwa posta, kikaratasi kilichotaja idadi ya medali zilizotumwa: bila hivyo una nyota tu. Nawaomba sana, mnaponunua kutoka kwa familia, piga picha ya kila karatasi hata kama familia inabaki nayo, na andika siku hiyo hiyo nani alikuwa nani kwa marehemu.

Kuhusu utafiti. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, ina kadi za medali za Vita vya Kwanza katika mfululizo wa WO 372 (WO ni War Office, wizara ya vita). Kadi inakupa rejea ya daftari la medali, ambalo limo WO 329. Daftari linakuthibitishia kikosi. Na kikosi kinakupeleka kwenye shajara za vita za WO 95, ambamo uwanja wa Afrika Mashariki umo. Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu faili la utumishi halipo. Sehemu kubwa ya mafaili ya wanajeshi wa kawaida wa Uingereza iliungua London kwa mabomu Septemba 1940, ila madaftari ya medali yalisalimika. Anzeni huko.

Kwa askari wetu, msitafute kwa jina peke yake. Karani aliandika alichosikia: Omari, Umari na Amari anaweza kuwa mtu mmoja, na r na l hubadilishana. Tafuteni kwa namba pamoja na batalioni. Namba peke yake nayo haitoshi, kwa kuwa wakati huo vikosi tofauti vilikuwa na namba zinazofanana. Nishani za ushujaa fuatilieni London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, na kumbukeni kuwa KAR walikuwa na Distinguished Conduct Medal yao, yenye jina la kikosi upande wa nyuma.

Utunzaji, kwa kifupi, maana tumeusema sana. Msisugue. Weusi wa fedha ni utandu unaoilinda. Dawa ya kung'arishia hula herufi kila inapopita, na herufi ndizo tunazozilinda. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa tindikali na kuacha ute wa kijani kwenye shaba. Tumieni ya poliesta au polipropilini. Mpira na sufu vina salfa, viwekeni mbali na fedha. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi, kwa hiyo kabati zuri la mwaloni si mahali pa bronzi. Utepe wa zamani uliochakaa ubaki ulipo. Mkitaka kujua kama ni mpya, mulikeni kwa taa ya urujuanimno: nyuzi za kisasa hung'aa, ingawa hata utepe wa zamani uliofuliwa kwa sabuni ya siku hizi unaweza kung'aa.

Seti msizitenganishe. Seti iliyogawanywa ili nishani kubwa iuzwe peke yake haitarudi kuwa seti tena, na kinachobaki hupoteza zaidi ya kilichopatikana.

Kikao kijacho meza itakuwa ya medali zilizoachana. Kila mwanachama alete orodha ya Victory Medal zake zisizo na mwenzake: namba, cheo, jina na kikosi, vyote kama vilivyo ukingoni. Katibu atakuwa na daftari wazi tangu mlangoni.