Mjomba, Hiyo 'Siyo' Unaitafuta Wapi?

Mjomba, shikamoo.

Kidumu cha mawese kimefika, na dagaa pia, ingawa kondakta alikilaza kidumu na sasa begi langu zima linanukia soko la Mwanga. Shangazi mwambie nashukuru sana.

Nakujibu hapa hadharani kwa sababu na wewe swali lako kuhusu Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani wa kwetu Kigoma hadi 2020, ulilirusha mbele ya ukoo mzima kwenye grupu: "Huyo Zitto wenu kakaa bungeni miaka 15. Alipiga kura gani? Nileteeni orodha, sitaki hadithi." Watu wakacheka, mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu.

Basi nikakaa na simu usiku, nikafungua Hansard, yaani taarifa rasmi za mijadala ya Bunge. Kosa la kwanza likawa kutafuta "Zitto Kabwe", maana kwenye taarifa za miaka ile anaandikwa Mhe. Kabwe Z. Zitto. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ndilo lako pia: kutafuta kura.

Kule Dodoma, Mjomba, kura nyingi hazina jina. Mjadala ukiisha, Spika anawahoji: wanaoafiki waseme Ndiyo, ukumbi unavuma. Wasioafiki waseme Siyo, upande wa wapinzani unavuma kwa uchache wao. Kisha anatangaza kwamba waliosema Ndiyo wameshinda. Kwenye Hansard yote hayo yanabaki mistari miwili ndani ya mabano: Hoja ilitolewa iamuliwe. Hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Makofi yanaandikwa, vicheko vinaandikwa. Nani alisema Siyo, hutaona. Sheria ya kukubana wewe na mashua yako inaweza kupita hivyo, na usijue mbunge wako alifungua mdomo au alikuwa kantini anakunywa chai.

Bajeti kuu ndiyo yenye utaratibu wake. Pale wabunge wanaitwa jina mmoja mmoja, kila mtu anajibu kwa sauti yake. Lakini kumbuka na kisu kilichowekwa mezani: Bunge likiikataa bajeti, Katiba inampa Rais nafasi ya kulivunja. Ndiyo maana utamsikia mbunge wa CCM ananguruma juu ya barabara ya kwao wiki tatu mfululizo, anatishia kushika shilingi ya waziri, yaani kuzuia makadirio yake, na siku ya kuitwa jina anasema Ndiyo kwa upole kama bwana harusi.

Hapo nikupe haki yako. Juni 2016, majina yalipoitwa, Zitto hakuwamo. Tarehe 30 Mei alikuwa ametolewa vikaoni pamoja na wenzake sita, akina Tundu Lissu, Halima Mdee na Godbless Lema, kwa vurugu za Januari pale Serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja. Wapinzani waliobaki nao wakawa wanatoka ukumbini kila Naibu Spika, Dk. Tulia Ackson, anapoketi kitini. Siku nyingine walitoka wamejiziba midomo. Picha nzuri sana kwa magazeti, nakubali. Lakini bajeti ile ilipita bila hata 'Siyo' moja ya upinzani kuandikwa, na siku pekee mwaka ule ambayo ungeweza kuipata ile orodha unayoitaka, kiti chake cha Kigoma Mjini kilikuwa kitupu. Adhabu hakujipa mwenyewe, lakini wale wenzake waliotoka kwa miguu yao mimi bado nawadai.

Sasa, kama kura haina jina, ya mpinzani utaisoma wapi? Mimi nimeanza kuitafuta kwenye vitu vinavyosainiwa.

Aprili 2012. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu imetoka, mawaziri wametajwa, hakuna anayeng'oka. Zitto akaanzisha karatasi ya sahihi za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Katiba inataka asilimia 20 ya wabunge wote, yaani kama 70 hivi. Chama chake wakati ule, CHADEMA, peke yake kisingetosha hata kama angesaini na mlinzi wa getini. Basi soma wino, Mjomba: sahihi zilivuka 70, na miongoni mwao walikuwamo wa CCM, akiwemo marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa. Hoja yenyewe haikuwahi kupigiwa kura, kwani siku za taarifa hazikutosha na mkutano ukaisha. Lakini mwanzoni mwa Mei Rais Kikwete alipangua Baraza, na mawaziri sita wakaachwa nje. Hiyo kwenye orodha yako utaiandika ndiyo au siyo?

Buzwagi, ule mgodi wa dhahabu, unaikumbuka kuliko mimi, nilikuwa mdogo. Agosti 2007 Zitto aliomba iundwe kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi huo uliosainiwa London. Wingi ulimshinda, yeye akasimamishwa hadi Januari 2008. Ukihesabu kura, alipigwa. Lakini kabla mwaka haujaisha Kikwete aliunda kamati ya Jaji Bomani kuangalia madini, na aliyesimamishwa akawa mjumbe wake. Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, ukatozwa kwenye thamani ghafi. Sisemi ni kazi yake peke yake. Nasema kura aliyoshindwa ilikuwa na mkia mrefu.

Na ile ya akaunti ya Escrow ndiyo niliyotaka uisome mwenyewe. Kanuni zinawapa wapinzani uenyekiti wa kamati ya hesabu za Serikali, lakini wajumbe wake wengi wanatoka CCM. Hebu fikiria: mwenyekiti ni Zitto, mpinzani, makamu wake ni Filikunjombe wa CCM, na mbele yao zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu, pesa zilizowekwa kando wakati shirika la umeme TANESCO na kampuni ya kufua umeme IPTL wanabishana bei. Novemba 26, 2014 taarifa ikasomwa. Nikiwa kidato cha tatu tulibanana dukani kwa jirani kwenye redio, na mtu aliyetaka kununua kiberiti aliambiwa asubiri.

Mabishano yalikwenda hadi Jumamosi, tarehe 29, likapita azimio lenye vipengele vinane, la kutaka waliotajwa wawajibishwe. Lilikuwa limelainishwa, wapinzani walitaka makali zaidi, na wewe ulisema wakati ule kwamba wamekula njama. Lakini azimio la upole lililopita lilifanya kazi ambayo la makali lisingefanya, kwa sababu lingekwama. Desemba Mwanasheria Mkuu, Jaji Werema, akajiuzulu na Profesa Tibaijuka akaondolewa uwaziri. Januari Profesa Muhongo, waziri wa nishati, naye akaachia ngazi. Kwa mtu ambaye upande wake haufiki hata theluthi ya ukumbi, hapo ndipo nilipomwona mbunge anavyofanya kazi: kuwashawishi watu wa upande wa pili waseme Ndiyo kwa jambo lake.

Baada ya hapo alitoka CHADEMA akaingia chama cha ACT, na bungeni akabaki mbunge pekee wa chama chake. Alikuwa na ile hoja ya 2018 ya shilingi trilioni 1.5 alizosema hazionekani kwenye hesabu za Serikali, na barua aliyoiandikia Benki ya Dunia 2020 kutaka mkopo wa elimu usitishwe, iliyowakasirisha wengi. Kelele zilikuwa nyingi kuliko matokeo, hapo nakubaliana nawe. Mtu mmoja bila kamati ya kuongoza ni kama kasia bila mtumbwi.

Orodha kamili uliyoitaka haipo, Mjomba, na hata ya yule wa CCM unayempenda wewe ungeiomba, usingeipata. Nimempa binti yako nakala ya ile Hansard ya Novemba 26, nimeichapa kwa herufi kubwa. Miwani ukiikosa, akusomee.